Ghorofa ya Nasiba

Nasiba binti Stambuli anajua kupanga ghorofa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya Gachanja, na ujuzi huo ndio uliomponza. Wapo wanaoponzwa na mdomo, na wapo wanaoponzwa na macho. Yeye aliponzwa na orodha ndogo iliyo upande wa kushoto wa kioo, ile inayotaja sakafu za jengo moja moja kutoka chini hadi juu.

Ofisi yenyewe iko Malindi mjini, juu ya duka la magodoro. Gachanja ni msanifu majengo aliyeshuka pwani kutoka Nyeri miaka ishirini iliyopita kwa kazi ya miezi mitatu, akasahau kurudi. Ni mtu wa maneno machache. Akikusifu na akikutukana sauti ni ileile, kazi kwako kuchambua. Nasiba aliingia pale akiwa na miaka thelathini na minne, mwanamke wa buibui na miwani mizito, mkononi ana cheti cha kuchora ramani za nyumba alichokipata kabla ya kuolewa. Gachanja alimuuliza maswali mawili, akampa kiti.

Siku hizi nyumba haichorwi kwa mistari kama ilivyokuwa ikichorwa karatasini. Inajengwa mlemle ndani ya kompyuta. Ukuta ni ukuta kweli, una unene na kimo, na mlango ukiutia unajitobolea tundu lake wenyewe. Ila kila kitu sharti kiwe na ghorofa yake. Mlango, sinki, hata swichi ya taa, kila kimoja kinaandikishwa: wewe ni wa sakafu ya chini, wewe ni wa ghorofa ya pili. Kikishaandikishwa kimefungwa hapo. Ghorofa ikipandishwa kinapanda nayo, ikishushwa kinashuka, na ikifutwa kinakwenda nayo bila kuulizwa.

Wachoraji wengi hawana subira na mambo haya. Okoth, aliyekuwa akikaa meza ya pili, alichora nyumba ya wageni ya ghorofa tatu kule Kilifi na kila kitu cha ndani akakiandikisha sakafu ya chini, kisha akawa anakiinua kwa kukadiria kwa macho hadi kinapoonekana kimefika. Picha ilipendeza. Mwenye nyumba akaja kuomba sakafu ya chini iinuliwe sentimita thelathini kwa sababu ya mafuriko, na Okoth alipoiinua, vitanda na vyoo vya juu vikapanda nayo vikaning'inia hewani, na milango ikaingia ndani ya zege. Nasiba ndiye aliyekaa siku tatu akikirudisha kitu kimoja kimoja kwenye ghorofa yake. Gachanja alisimama nyuma yake, akatazama, akasema, "Huyu mama ako na droo kwa kichwa." Okoth akatumwa kupima mashamba Ganze, juani, na mpaka leo yuko huko.

Nasiba ni mtoto wa kwanza wa mzee Stambuli, aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli, na Bi Kibibi. Wanafuata wadogo zake wawili, Muzammil na Mselem. Kwao ni mtaa wa Shela, nyumba ya chini ya vyumba vinne. Mzee Stambuli hakuacha mengi, lakini aliacha neno. Siku zake za mwisho aliwaita watoto wote watatu akawaambia wasiuze wala wasigawane kiwanja: wajenge kwenda juu, mama yao akae chini, na kila mtoto awe na sakafu yake. Wote walimshika mkono wakasema ndiyo, Muzammil kwa sauti kubwa kuliko wenziwe.

Wakati huo Nasiba alikuwa ameolewa Mambrui. Alikaa na mume miaka kumi na mmoja. Mtoto hakuja. Mwaka wa kumi na mbili ikaja karatasi ya talaka, imekunjwa mara mbili, imeletwa na shemeji yake ambaye hakutaka hata kuketi. Aliporudi Shela vyumba vilikuwa vimejaa wake wa kaka zake na watoto wao, basi akapanga chumba mtaa wa Muyeye. Chumba kimoja, choo cha watu kumi na wanne, na ukuta ambao ukikohoa upande huu jirani wa upande wa pili anakupa pole. Alikaa hapo miaka sita. Hakuwa akitamani mume tena, wala gari, wala safari. Alitaka mlango wa kuufunga mwenyewe na choo ambacho hakuna mtu anayegonga akiwa ndani. Mtu akimuuliza siku hizo anaishi wapi, alijibu, "Muyeye, kwa sasa," na ile "kwa sasa" ndiyo iliyokuwa roho yake.

Hatimaye Muzammil, aliyekuwa amefungua duka la saruji na mabati, akasema wakati wa kujenga umefika. Yeye na Mselem, ambaye ana gari la kutembeza watalii, walimfuata dada yao Muyeye na sahani ya halua. Walikaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Mselem akamwambia, "Dadaangu, wewe ndiye kichwa chetu. Sisi ni mikono tu." Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akateleza. Sehemu yake katika ujenzi ikawa ramani: achore nyumba yote mwenyewe, na amwombe Gachanja aitilie sahihi na mhuri. Gachanja alikubali kwa sharti la kikatili na la haki, kwamba Nasiba asiombe likizo miaka miwili. Hakuomba. Hata alipofiwa na shangazi yake Mambrui alikwenda kuzika asubuhi akarudi ofisini kabla ya alasiri.

Alipofungua kazi ile kwenye kompyuta, kitu cha kwanza alichokifanya ni kupanga ghorofa. Wenzake wote huziandika kwa nambari. Nasiba aliziandika kwa majina ya watu: chini Mama, juu yake Nasiba, juu yake Muzammil, kisha Mselem. Alifuata kuzaliwa kwao. Gachanja alipita akaona, akatikisa kichwa.

"Ghorofa hupewa namba," alisema. "Ukizipa majina ya watu, siku ya kufuta mkono utatetemeka."

"Hii haitafutwa," Nasiba alisema. Gachanja akaenda zake kunywa chai.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Nasiba mwenyewe. Muzammil alikuja ofisini, akaona jina lake liko la tatu, akaanza: watoto wake ni sita, wanapanda na kushuka mchana kutwa, mkewe ana goti, na dada yake yuko peke yake na miguu yake mizima. Katika nyumba kama yao mkubwa hafundishwi kupisha, amezaliwa akipisha. Nyama kubwa aliiacha, kitanda cha dirishani alikiacha, na ghorofa ya kwanza akaiacha vilevile. Alilishika jina lake mwenyewe kwenye orodha akalivuta juu, na kuta zote zikafuata. Wiki mbili baadaye Mselem akaja na lake: mkewe ni mja mzito. Nasiba akalivuta tena. Hakuna aliyemlazimisha. Alifanya kwa adabu, na hata akaona fahari kwamba ameombwa. Haikumjia kwamba ghorofa ya katikati haikatwi kirahisi, maana iliyo juu yake inaikalia, lakini ya juu kabisa haibebi mtu, na siku ya kukata itakatwa hiyo. Mwanamke aliyekuwa akijua kila kitu kuhusu ghorofa, hilo hakulijua.

Juu kule alijenga kwa raha zake. Alijitilia chumba cha kulala, jiko dogo, choo na sebule, na meza ya kuchorea chini ya dirisha la mashariki, mita mbili na nusu kwa upana. Aliweka kitanda, kabati la vitabu, zulia, vyungu vya mirihani, hata ndoano ya kutundikia buibui nyuma ya mlango. Ndoano haihitajiki kwenye ramani. Fundi haijengi. Aliiweka tu, kisha akaigeuza geuza picha aione kutoka pande zote. Jumla ghorofa yake ilikuwa na vitu mia mbili na kumi na viwili, na alikuwa akivijua kimoja kimoja.

Ramani zilipopelekwa kaunti kupitishwa, zilirudi. Eneo lile, wakaandika, jengo lisizidi mita kumi na tatu kutoka ardhini mpaka ncha ya ukuta wa paa. La kwao lilifika kumi na nne na nusu. Muzammil aliposikia hakunyamaza hata kidogo kuonyesha amefikiri. "Basi tupunguze moja," alisema kwenye simu, na Nasiba hakuhitaji kuuliza ni ipi.

Aliomba siku nne. Saa za chakula hakula. Alikuwa amezipa ghorofa zote kimo cha mita tatu na sentimita thelathini, kutoka sakafu hadi sakafu, na sasa akaanza kuzishusha. Huwezi kushusha ghorofa moja ukalala. Ukiishusha hii, ngazi zinabaki ndefu, madirisha yanagonga boriti, mabomba yanatokeza darini kwa jirani wa chini. Alifuata kila kimoja. Msingi akauteremsha kutoka sentimita arobaini na tano hadi thelathini. Kila ghorofa akaipunguza sentimita thelathini na tano, ikabaki mita mbili na tisini na tano, kimo ambacho mtu mrefu kuliko wote Malindi anasimama na kunyoosha mkono. Ukuta wa paa hakuugusa. Siku ya nne, saa saba na robo mchana, kompyuta ikamwonyesha jumla: mita kumi na mbili na sentimita tisini na tano. Ghorofa zote nne zilikuwemo na sentimita tano zimebaki.

Nasiba alivua miwani akalia, kisha akacheka kwa kujiona analia. Gachanja alikagua kazi yote kwa nusu saa, hakupata kosa. "Hii itapita," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi singeweza." Kutoka kinywani mwake, hiyo ilikuwa harusi.

Nasiba alizichapisha ramani akazipeleka Shela jioni ileile. Muzammil alikuwa sebuleni na Mselem. Aliwatandazia karatasi sakafuni, akawaonyesha namba, akawaambia hakuna atakayekosa. Muzammil akapiga magoti, akaweka kidole kwenye ghorofa yake.

"Dari yangu itakuwa wapi?"

"Hii hapa, kakangu. Mita mbili na themanini kutoka sakafuni."

"Ya jipsamu?"

"Jipsamu haitaingia, hiyo huning'inizwa chini ya zege ikala kimo. Itakuwa dari ya plasta, tutaipiga rangi nzuri."

Muzammil akainuka akijipangusa magoti. Aliona kwa rafiki yake kule Mtwapa, akasema, dari ya jipsamu ya ngazi tatu, taa zimefichwa ndani zinabadilika rangi. Ameshawaahidi watoto. Ameshamwahidi mkewe. Hatajenga nyumba ya kukaa miaka hamsini akawa na dari kama ya zahanati.

"Ni sentimita thelathini na tano tu, Muzammil."

"Basi kama ni 'tu', wewe mbona wazing'ang'ania?"

"Kwa sababu ndizo nyumba yangu."

Hapo Muzammil akasema lile lililokuwa likimkaa kooni tangu siku ya halua. Alilisema taratibu, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Dadaangu, usinielewe vibaya. Mtu mmoja, ghorofa nzima ya nini? Huko juu utafuga nini? Ungekuwa na mtoto, wallahi ningenyamaza. Kuna chumba cha nyuma huku chini kwa mama, kinakutosha wewe na miwani yako."

Mke wa Muzammil alikuwa nyuma ya pazia na wote walijua yuko. Nasiba alimgeukia Mselem. Mselem alikuwa akitazama simu yake, na kioo cha simu kilikuwa kimezimika.

"Baba alisema kila mtoto," Nasiba alisema. "Tumuulize mama. Mama akisema niondoke, nitaondoka."

Alilisema hilo kwa kujiamini. Bi Kibibi alikuwa chumbani kwake akivuta uradi na mlango ulikuwa nusu wazi. Akajibu kutoka mlemle ndani, bila kutoka, kwamba Jumamosi atakwenda ofisini ajionee kwa macho yake. Nasiba alirudi Muyeye akiona mambo yamenyooka. Aliyemzaa ndiye atakayehukumu, na alikuwa amemtilia choo ndani ya chumba, na sakafu isiyoteleza, na vishikio ukutani. Nani mwingine katika nyumba ile aliyekumbuka vishikio?

Jumamosi alifuta vumbi kiti cha wageni mara mbili, akaleta sharubati ya ukwaju kwenye chupa. Bi Kibibi akapanda ngazi za ofisi polepole, ameshikwa mkono na Mselem, Muzammil nyuma yao. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mwembamba, macho makali. Gachanja akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, babangu. Pole na kazi."

Nasiba akamketisha karibu na kioo, akamtembeza ndani ya nyumba kama mtu anayeingia kwa miguu yake. Wakapita barazani, wakaingia ukumbini, wakafika chumbani. Bi Kibibi akasogeza uso.

"Hii ya chini ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mama. Na choo chako hiki hapa ndani, usihangaike kutoka."

"Na yako wewe?"

Nasiba akapandisha picha, akapita kwa Muzammil, akapita kwa Mselem, akafika juu. Sauti ilimbadilika bila yeye kutaka. "Hii hapa, mama. Tazama dirisha. Asubuhi jua laingia mpaka mezani."

"Naiona. Nzuri." Bi Kibibi akainywa sharubati kidogo. "Na kutoka kwangu mpaka kwako pana vipandio vingapi vya ngazi?"

Nasiba alilipenda swali hilo, kwa kuwa jibu lake alilifanyia kazi siku nne. "Hamsini na kimoja, mama. Kwanza vilikuwa hamsini na saba, nimevipunguza."

"Hamsini na kimoja." Bi Kibibi akaiweka gilasi chini. "Nikianguka chooni nikakuita, utanisikia?"

"Nitakutilia kengele. Waya nitaupitisha humu ukutani, swichi iwe karibu na kitanda…"

"Kengele itaniinua?"

"Muzammil atakuwa juu yako hapo tu, mama. Na Mselem…"

"Muzammil ni mwanamume. Ataniogesha mwanamume? Na wake zao si damu yangu, sitaki wanione uchi wangu." Alisema bila hasira, akimtazama Nasiba sawasawa. "Mwenyezi Mungu alikunyima mtoto ili mimi nisikose mtu. Hivyo ndivyo nilivyolielewa jambo hili tangu siku uliyorudi kutoka Mambrui. Wewe ndiye uliyekuwa hujalielewa."

Chini dukani mtu alikuwa akibishania bei ya godoro. Muzammil alikuwa akitazama nje dirishani, na Nasiba akimtazama mgongo wake, pole pole akaanza kuielewa dari ya jipsamu.

"Ni wewe uliyewaambia wakatae?"

"Ni mimi. Hawa walikuwa tayari kukubali. Mselem alishakubali dari ishushwe kabla hujaja na karatasi zako, ndipo nikamkanya."

Gachanja, ambaye hana desturi ya kuingilia ya watu, alikohoa akasimama mlangoni mwa chumba chake cha kazi. "Mama, hii michoro inaweza kupita vile iko. Watu wote wako ndani. Nimeangalia mwenyewe."

Bi Kibibi akamgeukia kwa heshima zote. "Babangu, mama yako yuko hai?"

"Yuko, mama. Yuko Nyeri."

"Anaangaliwa na nani?"

Gachanja alitazama viatu vyake. "Na dadangu."

"Ameolewa?"

"Hapana. Hakuolewa."

"Ahsante, babangu," alisema Bi Kibibi, na Gachanja akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kisha Bi Kibibi akaweka mkono wake mkavu juu ya goti la bintiye. "Futa, mwanangu. Twende nyumbani, jua lisitupate kali."

Ningependa kuwaambia kwamba Nasiba alisimama akaipiga kompyuta ile na kiti. Ningependa kuwaambia alikwenda kwa kadhi, au angalau alipiga ukelele, watu wa magodoro wakapanda juu kuuliza kulikoni. Mimi ningefanya yote matatu. Yeye alivaa miwani. Akaenda kwenye orodha, akabonyeza jina lake. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana vitu mia mbili na kumi na viwili vilivyo katika ghorofa hiyo vitafutika pamoja nayo. Mkono haukutetemeka. Gachanja alikosea hapo. Alibonyeza ndiyo, na juu ya Mselem pakabaki hewa.

"Umeweka nakala nyingine mahali?" Bi Kibibi aliuliza.

Angeweza kusema hapana. Mama asingejua, wala Muzammil asingejua, mtu asiyejua hata kuwasha mashine ile. Lakini Nasiba hajawahi kumwongopea mama yake, na kwa kweli siku ile ingekuwa siku nzuri ya kuanza. "Ninayo moja," alisema.

"Basi na hiyo."

Akaifuta na hiyo.

Jumatatu alirudi kazini akakuta ujumbe wa Muzammil. Kwa kuwa sasa ghorofa zimebaki tatu na urefu unaoruhusiwa ni uleule, alitaka kujua kama nafasi iliyopatikana haiwezi kugawanywa. Nasiba akaigawanya. Kila ghorofa akaipa mita tatu na sentimita themanini na tano, dari ziwe na jipsamu, taa, na chochote kingine wanachotaka. Kila sakafu ikahitaji vipandio ishirini na viwili, arobaini na vinne mpaka kwa Mselem. Ramani zilipita bila swali. Nyumba ilikwisha baada ya mwaka na nusu, ikasomewa dua, watu wakala pilau, na wageni wote walizisifu dari.

Kile chumba cha nyuma alichoahidiwa kilikuwa kimeshajaa saruji ya Muzammil kabla rangi haijakauka. Nasiba analala kwenye chumba cha mama yake, kitanda mkabala na kitanda, umbali wa mita moja na robo. Buibui lake analitundika juu ya la mama. Mlango haufungwi kwa ndani, Bi Kibibi hapendi.

Miaka minne imepita tangu wahamie. Bi Kibibi ana miaka zaidi ya themanini sasa na hajaanguka chooni hata siku moja. Anaoga mwenyewe, mlango wa choo anajifungia mwenyewe, vishikio vya ukutani anavianikia taulo. Asubuhi baada ya Nasiba kumpikia uji anajifunga leso, anapanda ngazi zote arobaini na nne, hashiki ukuta, anakwenda kunywa chai kwa Mselem na kutazama wajukuu mpaka adhuhuri. Nasiba hujua amefika kwa sababu husikia mlango ukifunguliwa huko juu, na vicheko vikishuka ngazini. Jumapili iliyopita, siku ambayo ofisi haifunguliwi, aliuliza kama anaweza kupanda naye. Bi Kibibi akasimama kwenye kipandio cha tatu, hata pumzi haijamwenda mbio, akamjibu kwamba wewe baki, mtu asije akabisha hodi akakuta nyumba haina mtu.